Foto za soko zinazosomeka: mwongozo kamili wa kufanya mazoezi ya kupanga foto kwenye masoko ya Virunga na Kituku, Goma

Kila wiki vijana wananitumia foto walizopiga ku soko na swali linakuwaga lile lile: kaka, soko ilikuwa nzuri, rangi kila mahali, watu wengi, mbona foto yangu iko fujo tu? Nimeangalia foto za namna hiyo nyingi sana na kosa karibu kila mara ni moja. Mtu anafika sokoni, macho yanavutwa na kila kitu, anaanza kukimbiza watu na simu mkononi, anapiga mia tatu, na ndani ya zile mia tatu hakuna hata moja ambayo yeye mwenyewe aliamua nini kiwe ndani na nini kibaki nje. Miguu haikusimama hata dakika mbili, sasa jicho lingechagua saa ngapi?

Hapa nimeweka hatua vile ninavyowafanyisha wale tunatembeaga nao. Si za kumaliza siku moja, gawanya asubuhi tatu au nne. Ni za simu ya kawaida, mwenye kamera kubwa naye afuate hivyo hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Simu yenye chaji. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, washa ile mistari inayogawa skrini vyumba 9. Utaitumia kila dakika.
- Kitambaa safi cha pamba. Vumbi letu la lava ni kali, na lenzi ikiwa na mafuta ya vidole mwanga unasambaa kama moshi. Futa kila baada ya dakika kumi hivi, na upulize vumbi kwanza, ukisugua tu hapo hapo utakwaruza kioo.
- Viatu vilivyofungwa. Utakuwa unarudi nyuma bila kuangalia, na mawe ya Goma yanakata.
- Franka za noti ndogo. Si za kulipa watu foto. Ni za kununua nyanya, ndizi, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) kidogo, kama mteja yeyote.
- Rafiki mmoja. Wewe unaangalia skrini, yeye anaangalia chukudu (ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo), pikipiki na mifuko yenu.
- Daftari ndogo na kalamu.
- Mfuko usioingiza maji. Mvua ya huku haitoi hodi.

Acha nyumbani flashi, stendi ya miguu mitatu na begi kubwa. Begi kubwa inakufanya uonekane mwandishi wa habari, na hapo watu wanabadilika sura hata kabla hujasalimia.

Saa ya kwenda: saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua linatoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na linapanda wima, ikifika saa tatu limeshafika nusu ya njia ya utosi. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa vivuli vinaingia ndani ya macho, kila uso unakuwa na mashimo mawili meusi. Jioni rudi kuanzia saa kumi. Siku ya mawingu unaweza kupiga muda wowote, na usinung'unike, mawingu ni mwanga laini wa bure. Siku ya salongo (kazi ya usafi ya watu wote) asubuhi usiende, utakuta vibanda vimefungwa.

## Hatua ya 1: Tembea nusu saa bila kupiga

Simu ibaki mfukoni. Kabisa. Zunguka soko la Virunga tangu upande mmoja mpaka mwingine, na tafuta mahali patatu tu ambapo nyuma, yaani kile kitakachoonekana mgongoni mwa mtu, pametulia: ukuta wa mawe ya lava, mbao za nyumba zilizopangwa wima, shitingi (turubai la plastiki) moja ya rangi moja, bati refu. Andika kwenye daftari: wapi, jua linatokea upande gani, watu wanapita kutoka wapi kwenda wapi.

Sababu ni hii. Sokoni jicho la binadamu linaruka juu ya fujo lenyewe, unaangalia mama anayepima maharage na akili yako inafuta nguzo, waya, matangazo ya mtandao wa simu na miguu ya watu. Simu haifuti chochote. Ile nusu saa inalazimisha jicho lione kile simu itaona.

Ukiweza kumueleza rafiki yako kwa mdomo tu foto tatu unazotaka, na yeye akazielewa, umefaulu, endelea. Ukijikuta unasema "nitapiga tu hali ya soko," zunguka tena.

## Hatua ya 2: Ongea na watu kwanza

Hii watu wanairuka halafu wananiambia soko ya Goma ni ngumu. Mama ameamka usiku, amebeba mzigo, ana deni la asubuhi, na wewe unamtolea simu usoni bila hata jambo. Angekubali kwa nini? Na kuna ile hofu ya kweli kabisa, utaisikia mara nyingi: "unaenda kuuzisha sura yangu kwa wazungu." Usiicheke. Watu wa mji huu wamepigwa foto siku mbaya za maisha yao bila mtu kuwauliza.

Anza na wakubwa wa soko, waeleze uko unajifunza. Halafu ku meza yenyewe, nunua kitu kidogo, ndipo useme hivi:

"Jambo mama. Habari ya soko? Mama, mimi niko najifunza kupiga foto. Naomba kupiga nyanya zako na mikono yako ukiwa unapanga. Uso sitaweka kama hautaki. Nikimaliza nitakuonyesha, ile hautapenda nafuta mbele yako."

Na kweli umuonyeshe, na kweli ufute. Akisema hapana, sema aksanti mama na uende, bila kubembeleza. Mtoto hapigwi mpaka mzazi wake amekubali.

Onyo kubwa: mtu mwenye sare, mwenye silaha, barrière (kizuizi cha barabarani), mpaka, airport, ofisi za serikali, magari ya askari, hayo yote kamera isielekee, hata kwa mbali, hata kama yako pembeni ya fremu. Ukiona sare imeingia nyuma ya foto yako, shusha simu mpaka ipite. Ukisimamishwa, ongea kwa utulivu, onyesha foto, usibishane na usikimbie. Na siku mji umechafuka, baki nyumbani. Nyanya zitakuwepo wiki ijayo.

## Hatua ya 3: Panga nyuma kwanza, mtu atakuja mwenyewe

Kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote, fanya hii.

Rudi pale pa kwanza ulipoandika. Tuseme ni ukuta wa lava. Mimi nazipenda sana hizo kuta, nyeusi, zimenyamaza, kikwembe chochote kikipita mbele yake kinawaka. Simama mita tatu au nne kutoka ukutani, shika simu kwa mikono miwili, viwiko vimebana mbavu. Sasa panga foto *tupu*. Hakuna mtu. Angalia ile mistari ya skrini, weka kitu kimoja kisichotembea upande mmoja, labda gunia la makala (makaa) au meza, kwenye mstari wa kushoto. Upande wa kulia uache wazi, chumba kizima kitupu. Hicho ndicho kiti cha mgeni wako.

Halafu ngoja. Dakika kumi na tano, simu iko pale pale, miguu pale pale. Watu watapita, mama na beseni kichwani, motari anasukuma pikipiki. Piga wakati mtu ameingia kwenye kile chumba kitupu, na miguu yake imefunguka kama herufi A, maana miguu ikiwa imefungana mtu anaonekana kama nguzo. Hapa ruhusa inafanyika hivi: kama uso unajulikana kwenye foto, mfuate mtu mara moja umuonyeshe na umuulize. Kama hujisikii kuuliza, piga wakiwa wameshapita, kwa mgongo. Mgongo wenye beseni unasema mengi.

Kwa nini tunaanza na nyuma? Kwa sababu nyuma haitembei, unaweza kuirekebisha kwa raha zako, mtu anapita ndani ya sekunde mbili. Ukianza na mtu unakuwa umecheza kamari na nyuma yoyote itakayotokea.

Vitu vinavyoharibu hapa ni vile vile kila siku:

Nguzo ya mwavuli inaota kwenye kichwa cha mtu. Dawa yake ni nusu hatua, kushoto au kulia. Nusu hatua tu, usiende mbali.

Watu wawili wanagusana, kichwa cha mmoja kimemeza bega la mwingine, inakuwa mnyama wa vichwa viwili. Ngoja hewa ionekane kati yao, hata nyembamba kama kidole.

Mtu katikati kabisa kama foto ya karta ya kupiga kura. Katikati si dhambi, lakini iwe umeamua.

Utajua umefaulu ukiwa na foto kama ishirini zenye nyuma ile ile, safi, na kinachozitofautisha ni mwendo wa mtu peke yake. Hapo kuchagua ni rahisi, unaangalia tu mwendo upi ni mzuri.

## Hatua ya 4: Mwanga wa Goma na lava yake

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa miji yenye ardhi ya kahawia na hii shida hawaijui. Sisi tunakanyaga nyeusi. Lava ya Januari 2002 iliingia mpaka katikati ya mji, na watu wakajenga juu yake na kwa mawe yake. Sasa simu inapoona ardhi nyeusi imejaa kwenye fremu inafikiri kuna giza, inaongeza mwanga yenyewe, na matokeo yake lava inakuwa kijivu cha kuchoka, mbingu inaungua nyeupe, na unga wa mihogo unapotea kabisa kama karatasi tupu.

Fanya hivi. Gusa skrini pale kwenye kitu cha muhimu, shikilia kidole mpaka simu ifunge hapo, halafu vuta kile kijua kidogo kinachotokea pembeni kwenda chini mpaka nyeusi irudi kuwa nyeusi. Kwa simu nyingi ni kuvuta kidogo tu.

Kinyume chake ni meza ya unga. Nyeupe nyingi inadanganya simu kwamba kuna mwanga mwingi, inafanya giza, na uso wa mama unapotea. Hapo gusa uso na upandishe kijua. Sisi wenye ngozi nyeusi tukiwa mbele ya mbingu nyeupe tunaonewa sana na simu, basi kila mara gusa uso, usiiachie mashine iamue.

Jambo la shitingi. Chini ya shitingi ya bluu kila mtu anakuwa na ngozi ya bluu kama mgonjwa, chini ya mwavuli mwekundu nyama inaonekana mbichi mara mbili na nyanya zinakuwa na rangi ambayo haipo duniani. Programu za kurekebisha rangi hazimalizi hiyo. Muombe mama asogee mpaka ukingo wa kivuli, pale mwanga wa nje unagusa uso lakini jua lenyewe haligusi. Ule ukingo ndio mahali pazuri kuliko pote kwenye soko nzima, asubuhi na hata saa sita.

Ukitaka kujua jua litakuwa wapi, kumbuka Gisenyi, mji wa Rwanda pale mpakani, ni mashariki. Asubuhi ukiipa Gisenyi mgongo, mwanga unaangukia kile unachoangalia. Ukiangalia Nyiragongo, ule mlima wa volkano kaskazini, jua linakupiga kutoka kulia, na mwanga wa pembeni ndio unaonyesha mikunjo ya gunia, mishipa ya majani ya sombe (kisamvu), mikono iliyofanya kazi. Anza na huo.

## Hatua ya 5: Meza moja, foto 12

Chagua meza moja ambapo umeshakubaliwa. Piga foto 12, na hairuhusiwi mbili kufanana. Tatu za kwanza zitakuwa zile kila mtu anapiga. Kuanzia ya tano utaanza kuteseka. Ya nane mpaka ya kumi na mbili ndipo jicho linaamka, nimeliona hilo kwa karibu kila mtu niliyemsindikiza.

Sogea kwa miguu, usivute zumu. Zumu ya simu mara nyingi inakata tu picha na kuikuza, ubora unakwenda. Karibia mafungu ya nyanya mpaka yajaze fremu yote, mwisho wa meza usionekane, hapo fungu moja linakuwa mia. Halafu tafuta kinachovunja mstari: fungu moja la vitunguu kati ya nyanya, mkono unaoingia, kopo la kupimia. Mafuta ya mawese kwenye chupa mbele ya jua la asubuhi yanawaka kama taa, tumia hiyo.

Na upige magoti. Wauzaji wengi wanakaa chini, kwenye kiti kidogo au gunia. Ukisimama juu yao foto inawafanya wadogo, vichwa vikubwa, miguu imepotea. Lenzi ikishuka mpaka usawa wa macho yake, mama anakuwa mkubwa wa meza yake, na ndivyo alivyo. Usiwe karibu sana lakini, chini ya mita moja lenzi ya simu inavuta pua na kuchonga uso vibaya. Uso ulio kwenye kona ya fremu nao unanyooshwa, weka nyuso mbali na kona.

Dalili ya kufaulu: mtu ambaye hajafika sokoni akiona hizo 12 anajua mama anauza nini, anakaaje, na mikono yake inafanya nini.

## Hatua ya 6: Tabaka tatu, hii nenda Kituku

Virunga pamebanana, hewa ni kidogo. Kituku kuna Ziwa Kivu, na ziwa linakupa nafasi. Boti zinakuja na chakula kutoka kisiwa cha Idjwi na vijiji vya pembezoni, wabebaji wanashusha, wanunuzi wanangoja mchangani.

Panga vitu vitatu: cha mbele, cha kati, cha nyuma. Mbele mkungu wa ndizi au kikapu cha mananasi, karibu nawe kabisa, kinachukua kona ya chini. Kati mbebaji anatoka majini. Nyuma boti na maji. Ukiangalia ziwa asubuhi jua liko mkono wa kushoto, inakusaidia.

Mtego wa Kituku ni ule mstari wa maji na mbingu. Watu wengi wanaupitisha kwenye shingo ya mtu, anaonekana amekatwa. Shuka chini kichwa kiingie kwenye mbingu, au panda juu ya jiwe kichwa kibaki chote ndani ya maji. Na mstari uwe sawa, ziwa lililoinama linafanya msomaji aone maji yanamwagika.

Niseme na hili. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na ufuo huo, watu wakiangalia ndugu zao. Kuna wanaouza pale leo ambao walipoteza mtu. Usiombe mtu "afanye kama anaogopa maji," usicheze na hayo. Ongea na wakubwa wa bandari kabla ya kutoa simu.

Ukiona tabaka zote tatu zinasomeka bila moja kuingia ndani ya nyingine, umepata.

## Hatua ya 7: Chukudu na mistari

Fupi hii. Tafuta njia inayoshuka, simama pembeni, juu ya jiwe au baraza. Ukingo wa njia uanze kwenye kona ya chini ya fremu na uingie ndani, jicho la msomaji litapita hapo hapo. Chukudu ikija, iache iwe na nafasi mbele kuliko nyuma, kama sehemu mbili kwa moja, maana kinachotembea kinahitaji mahali pa kwenda. Shikilia kitufe upige nyingi mfululizo, baadaye chagua moja.

Onyo: breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Ikiwa imebeba magunia ya viazi kwenye mteremko, haisimami kwa ajili yako. Usiingie njiani, usimwite jina mwendeshaji ageuke. Rafiki yako hapa ndipo anafanya kazi yake.

## Hatua ya 8: Zunguka kingo

Kabla ya kubonyeza, macho yapite kona nne za skrini, sekunde moja. Kuna kiwiko kilichokatwa? Chupa ya plastiki inayong'aa? Nusu ya kichwa cha mtu asiyehusika? Sogea au ngoja. Ukimkata mtu mkate kwenye paja au kiuno, usimkate kwenye goti, kifundo au kiganja.

## Hatua ya 9: Kuchagua

Usichague siku ile ile. Bado unakumbuka harufu ya sambaza na mazungumzo na yule mama, unaona vitu ambavyo havimo ndani ya foto. Lala, kesho yake kaa na rafiki.

Punguza foto mpaka iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ikiwa bado unajua ni nini, mpangilio umeshika. Ikigeuka madoadoa, iache. Halafu mpe rafiki simu kwa sekunde mbili, ichukue, muulize jicho lilikwenda wapi kwanza. Akitaja tangazo la nyuma badala ya mtu, umepata jibu, na huna haja ya kumueleza ulichotaka.

Baki na tano tu kwa asubuhi moja. Wiki za kwanza usikate pembeni kwa programu, hata kidogo, ili makosa ya kingo uyaone na yakuume. Andika kwenye daftari chini ya kila moja ya tano: nyuma ilikuwa nini, saa ngapi, nilisimama umbali gani.

Moja kati ya hizo tano itoe kwenye karatasi, 10 kwa 15, studio yoyote ya mtaani inafanya, na umpelekee mama wa ile meza. Ukifika usipige kwanza. Mpe, ngoja aangalie, na usikilize anachosema juu yake, maana atakuambia mara moja kama kikwembe kimekatwa vibaya au kama nyanya zake zimeonekana kidogo. Kiandike hicho. Halafu rudi hatua ya 3, ukuta ule ule, saa ile ile.